Ujumbe Kwenye Kadi ya Jirani

Kila Jumamosi, baada ya saa nane mchana, kina mama wa dobi walikuwa wakija uani kwetu na kadi zao za salamu ili niwaandikie. Dobi ni kile chumba cha hoteli ambamo shuka, foronya na taulo za wageni hufuliwa na kupigwa pasi. Mama yangu anafanya kazi humo, katika hoteli moja ya Galu, na sisi tumepanga chumba Ukunda. Kadi zilinunuliwa dukani. Juu unaandika jina lako na mahali unapoishi, katikati unaandika majina ya unaowasalimia, na chini kabisa kuna mistari miwili ya ujumbe. Unabandika stempu, unaipeleka posta, inakwenda Nairobi, na baada ya wiki mbili tatu mtangazaji anaisoma redioni, nchi nzima ikasikia kwamba upo.

Wote walijua kuandika. Walinipa mimi kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa umenyooka na mtangazaji hakuwahi kukwama ndani yake. Nami niliipenda kazi hiyo kwa kuwa haikunidai kusema. Nilikuwa kidato cha tatu na sikuwa nimewahi kujibu swali darasani bila kuitwa kwa jina. Hata shikamoo yangu ilikuwa ya kunong'ona, mpaka watu wazima wakawa wananiuliza kama nimewaamkia au nimepita tu. Lakini ukinipa kalamu, ninakaa na watu hata kwa muda wa saa tatu bila kuchoka.

Mteja wangu mkubwa alikuwa jirani wa chumba kinachotazamana na chetu, mama mmoja wa bara aliyepiga pasi meza moja na Mama. Ni mnene, ana sauti ya kusikika mpaka barabarani, na Kiswahili chake kinawachekesha wenyeji. Miaka michache nyuma, katika ile miezi mibaya ya ghasia ambayo watu wa bara walilazimika kukimbia, aliacha vyombo vyake kwa Mama. Alipothubutu kurudi, Mama alimtolea sufuria zake chini ya kitanda moja moja, na mwisho akamtolea nusu pakiti ya sukari aliyokuwa ameisahau. Tangu hapo wakawa ndugu. Jirani huyu alituma kadi kila wiki, na ujumbe wake haukubadilika: "Wanaonisema waendelee, mimi ninanenepa."

"Andika vizuri hiyo 'ninanenepa'," aliniambia kila mara. "Hapo ndio utamu."

Sasa nieleze la Mama, na nitalieleza bila kulipamba.

Mimi na Mama tunaoga katika choo kimoja na tunafua katika beseni moja, kwa hiyo siku zake za mwezi ninazijua. Zangu ninaziandika kwenye daftari, na kwa mazoea nikawa ninaandika na zake pembeni, kwa penseli. Mwaka ule wa mvua kubwa zake zilianza kuvurugika. Zilimalizika, zikarudi baada ya siku nne. Zikaja katikati ya mwezi. Vitambaa vyake alivifua alfajiri na kuvianika chini ya kanga ili visionekane, lakini kanga ikipeperuka huonekana. Katika daftari langu ukurasa wa Mei ulijaa penseli kuliko kalamu.

Ningemezea tu, kama ninavyomezea mengi, lakini ninamkumbuka Bibi. Bibi mzaa mama alikuwa amekata miwa Ramisi ujana wake wote. Mimi nilikuwa darasa la kwanza alipolala ndani asitoke tena. Ninakumbuka udi uliofukizwa chumbani mwake asubuhi na jioni, na harufu nyingine chini ya udi ambayo hakuna aliyeitaja. Ninakumbuka nguo zikitolewa zimefungwa. Alipokufa walisema ni tumbo. Mama alikuwa mtoto wake wa kike pekee na ndiye aliyemwosha.

Muhula ule wa pili muuguzi mmoja alikuja shuleni kuzungumza na wasichana. Wenzangu walicheka kwa kujificha nyuma ya vitabu. Mimi niliandika. Alisema mwanamke anayetoka damu nje ya siku zake asikae nayo, aende apimwe mlango wa kizazi. Alisema saratani ya pale haiji kwa siku moja, huanza kidogokidogo kwa miaka, na ikionwa wakati haijawa saratani bado, inaondolewa na mtu anarudi kazini kwake. Akasema wengi wanaokufa nayo hawakukosa dawa, walikosa kusema mapema. Niliipigia mstari sentensi hiyo mpaka karatasi ikatoboka.

Jioni ile nilimkuta Mama anachambua mchele. Nilikaa karibu naye.

"Mama, muuguzi alikuja shuleni."

"Alhamdulillahi. Aliwadunga?"

"Hapana. Alisema kuhusu damu."

Mkono wake ulisimama juu ya ungo, kisha ukaendelea. "Hayo ni ya watu wazima, mwanangu. Nitilie maji sufuriani."

"Alisema ukipimwa—"

"Ni uchovu wa pasi. Nimesimama tangu asubuhi. Maji."

Nikatia maji. Nilielewa kwamba alikuwa ameelewa, na kwamba alikuwa akiogopa kuliko mimi. Kwake yeye kupimwa maana yake ilikuwa kuingia katika kile chumba cha Bibi na kufungiwa mlango.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Nililifanya kwa makusudi, sitasingizia kalamu.

Mama alisikiliza salamu kila siku. Redio ya dobi ilikaa juu ya rafu ya sabuni, na saa ya salamu ilipofika hakuna aliyezungumza. Maneno ya mtangazaji waliyachukulia kwa uzito ambao mimi nisingeupata hata nikisema miaka kumi. Nikawaza kwamba lile nisiloweza kumwambia Mama uso kwa uso, redio ingemwambia. Lakini sikuwa na kadi yangu, na nisingethubutu kuweka jina langu. Jumamosi ile jirani alinipa kadi tatu pamoja. "Andika kama kawaida," akasema, akaenda kukaanga samaki.

Mbili niliandika kama kawaida. Ya tatu niliweka jina lake juu, majina ya kina mama wa dobi katikati, Mama akiwa wa tano ili asijulikane, na chini badala ya kunenepa nikaandika: "Damu isiyo na tarehe haifichwi. Nenda ukapimwe mlango wa kizazi mapema, saratani inazuilika." Nilibandika stempu zote tatu na kuzipeleka posta mbio kabla moyo haujageuka.

Uligeuka nilipokuwa narudi. Kwa muda wa wiki mbili sikula vizuri.

Ilisomwa Jumamosi, likizo ya Agosti. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi uani akimsuka jirani, na jirani amekaa chini kwenye mkeka, kichwa nusu kimesukwa na nusu nywele zimesimama. Mimi nilikuwa ninaosha masufuria. Kina mama watatu wa dobi walikuwa wakingoja zamu ya kuandikiwa. Mtangazaji akataja jina la jirani na Ukunda, Diani. Jirani akainua mkono watu wanyamaze, ingawa yeye ndiye aliyekuwa akizungumza. Akasikiliza majina huku anatabasamu. Kisha ukaja ujumbe.

Mtangazaji aliusoma polepole. Halafu akasema, "Mama wa Ukunda, huo ni ujumbe mzito. Sisi hapa studio tunakuombea afueni."

Sufuria iliniponyoka. Vidole vya Mama vilikuwa vimesimama ndani ya nywele za jirani. Tuliusikia wimbo uliofuata wote, mpaka mwisho.

"Afueni ya nini?" jirani akauliza.

Mmoja wa wale kina mama akasema kwa upole, "Pole, dada. Ungetuambia."

"Niwaambie nini? Mimi niko mzima."

"Ndiyo, dada. Hewala. Si lazima uzungumze."

Kabla ya magharibi pole zilikuwa zinaingia kwa mlango wa mbele na wa nyuma. Mama muuza mahamri alileta mahamri. Imamu wa msikiti wa karibu alimtuma mkewe. Dereva wa gari la wafanyakazi wa hoteli alisimama mlangoni, akakohoa, akaacha mananasi mawili bila kusema ni ya nini. Na bibi wa nyumba ya pili akamwangalia jirani juu mpaka chini, akatikisa kichwa.

"Nilikuwa nikisema mimi. Huyu amekonda."

"Mimi?" jirani akasema. Alishika kiuno chake kwa mikono miwili, na mikono haikufika. "Mimi nimekonda wapi?"

Ningecheka kama nisingekuwa ninatafuta mahali pa kufia.

Kesho yake jirani alirudi kutoka kanisani akiwa bado na kitambaa kichwani, kwa sababu kichwa chake kilikuwa nusu vilevile. Mama alikuwa zamu. Alinikuta uani peke yangu, akavuta kile kiti kifupi, akakaa mbele yangu.

"Wewe, kuja hapa."

Nikaja.

"Leo pasta amenisimamisha mbele ya kanisa yote. Ameniwekea mkono kwa kichwa. Watu wamelia. Mimi pia nimelia, na sijui nalilia nini." Akakikaza kile kitambaa. "Hii kadi, ni nani aliandika?"

Kichwani mwangu kulikuwa na majibu mengi. Kwamba posta walichanganya. Kwamba mtangazaji alikosea. Mdomo ukafunguka na sauti iliyotoka haikuwa ya kunong'ona.

"Ni mimi."

"Mimi nilikuambia uandike hivyo?"

"Hukuniambia. Niliandika kwa sababu kuna mtu ninayetaka asikie, na mimi hanisikii. Nilitumia jina lako kwa sababu wewe huogopi watu. Nisamehe, shangazi. Mtu mwenyewe siwezi kumtaja."

Nadhani hayo ndiyo maneno mengi zaidi niliyowahi kumwambia kwa mara moja. Alinitazama. Kisha akaitazama kamba ya nguo, ambapo kanga ya Mama ilikuwa imeanikwa imekunjwa mara mbili, na chini yake kitu kingine.

"Siku hizi anaomba kukaa," akasema, kama anayezungumza na kamba. "Tukikunja shuka anashikilia meza. Nimemuuliza, anasema ni miguu."

Nikaenda nikaivuta kanga ifunike vizuri.

"Basi usitaje. Mimi sijauliza kitu." Akasimama, akaanza kucheka kidogo kidogo mpaka tumbo likatikisika. "Ukunda yote inasema mimi ni mgonjwa. Sawa. Mimi nitaenda kupimwa, nirudi na karatasi ya daktari, niwaonyeshe mmoja mmoja. Na siendi peke yangu."

Hapa lazima nieleze desturi, kwa sababu kila kitu kiliegemea hapo. Kwetu mwanamke haendi hospitali peke yake kwa jambo zito. Anasindikizwa, na ukiombwa kusindikiza hukatai, hata kama umepikia wageni. Jioni ile jirani alikuja kwa Mama, akakaa kitandani kwetu na uso wa huzuni ambao sijui aliutoa wapi.

"Dada, mimi naogopa hii kitu ya redio. Jumanne tuko off. Nisindikize hospitali ya Msambweni."

Mama alikuwa amelala ubavu. Niliona anatafuta sababu na sababu haiji. Huyu ndiye ambaye yeye mwenyewe alimtunzia sukari.

"Nitakusindikiza, dada," akasema. "Siwezi kukuacha."

Walikwenda sita, wote waliotajwa kwenye kadi na walio na mapumziko siku ile, na mimi nikachukuliwa kubeba kikapu cha chai. Katika benchi la kliniki kina mama walikaa wamebanana na mabuibui na lesso zao. Muuguzi, ambaye hakuwa yule wa shuleni, alitoka na kuuliza nani anaanza. Jirani akaingia kama anayeingia harusini.

Hakukaa hata dakika kumi. Akatoka anafunga mkanda wa gauni.

"Kwisha?" mmoja akauliza.

"Kwisha. Ni kama kupigwa picha ya kitambulisho. Lakini hii wanapiga uso ule mwingine."

Benchi zima liliangua kicheko, hata bibi mmoja wa Kinango aliyekuja kwa ajili ya macho yake. Muuguzi mwenyewe alijifunika mdomo kwa faili. Na kicheko kikiwa bado hakijaisha, jirani akasimama mbele ya Mama.

"Sasa wewe."

"Mimi nimekusindikiza tu, dada."

"Na mimi sasa nakusindikiza wewe. Ingia. Niko hapa kwa mlango."

Mama alinitazama mimi, hakumtazama yeye. Sijui aliona nini usoni mwangu. Nilikuwa nimeshika daftari langu, lile lenye tarehe za penseli, nililokuwa nimelificha chini ya chupa ya chai kwa siku nzima. Nikanyoosha mkono nikampa.

"Mpe muuguzi," nikasema. "Kila kitu kimo."

Alilifungua akasimama palepale akisoma miezi yake. Mei, Juni, Julai. Nilidhani atakasirika. Alilifunga, akaliweka kifuani, akaingia.

Wote sita walipimwa siku ile. Majibu yalichukua wiki tatu. Ya jirani yalikuwa safi, na alifanya alivyoapa: aliibandika karatasi kwenye mlango wa chumba chake, juu kidogo ya kitasa, na yeyote aliyepita alilazimishwa kusoma. Ya wengine wanne yalikuwa safi pia. Mama aliitwa ndani na kufungiwa mlango, na kwa dakika zile mimi nilisikia harufu ya udi ambao haukuwapo.

Alitoka na barua ya kwenda hospitali kubwa ya Mombasa. Alikaa kwenye benchi, akanivuta nikae.

"Wamesema kumeanza kubadilika," akasema. "Hakujawa saratani. Kulikuwa kunaelekea." Akakunja barua mara nne. "Wameniuliza nani aliniandikia tarehe. Nikasema karani wangu."

Walimkata sehemu ndogo. Alilala Mombasa usiku mmoja, na wiki mbili alikatazwa kunyanyua kitu chochote kizito, wiki ambazo jirani alipiga pasi za watu wawili na kulalamika kwa furaha kubwa. Baada ya miezi mitatu alirudi kuangaliwa. Daktari alimwambia pako safi, aje tena baada ya muda. Mama alirudi na kilo mbili za nyama, akanipikia pilau siku ya kazi.

Wakati huohuo kadi zilikuwa hazikamatiki. Kina mama wa dobi walisimulia, na wa hoteli nyingine wakasikia, na Jumamosi uani kwetu watu wakawa wanakaa kwenye mkeka mpaka nje. Hawakutaka tena "tupendane" na "msinisahau". Walitaka ujumbe wa kupimwa. Niliwaandikia kila mmoja wake, tofauti, ili mtangazaji asichoke. Kuna siku zilisomwa tatu mfululizo, na mtangazaji akasema, "Ukunda mna nini?" Halafu majibu yakaanza kuja redioni. Mama mmoja wa Matuga alituma salamu na ujumbe kwamba amesikia na amekwenda. Akafuata mwingine wa Ramisi. Nilipoisikia ya Ramisi nilitoka nje, nikasimama nyuma ya choo, nikalia vizuri.

Bado nina haya. Darasani bado ninangoja niitwe. Lakini wale waliokuwa wakiniuliza kama nimewaamkia sasa wanauliza, "Karani, wiki hii tunasema nini?"

Mama peke yake hakuwa ametuma. Alikuwa anasema kadi ni mambo ya jirani. Mwezi uliopita, Jumamosi, alikuja akakaa mkekani kwenye foleni kama mteja, akangoja wawili waliomtangulia. Zamu yake ilipofika alinipa kadi.

"Juu andika jina langu lote," akasema. "Na la baba yangu. Usifupishe."

Nikaandika.

"Ninaowasalimia, weka jirani peke yake. Chini andika: Mama yangu alificha mpaka mwisho. Mimi nilificha miezi mitatu, nikapimwa, nikatibiwa, na sasa ninapiga pasi. Wewe unangoja nini?"

"Ni ndefu, Mama. Mistari ni miwili."

"Punguza herufi. Maneno usiyaguse."

Ilisomwa siku ya kazi, wakati nimefunga shule na nimempelekea Mama chakula. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa dobi. Mtangazaji alitaja jina lake lote, na la babu, na mashine za kufulia tu ndizo zilizokuwa zikinguruma. Mama aliendelea kunyoosha shuka, uso ameuinamisha, lakini nilimwona anahesabu maneno kwa midomo kuhakikisha hakuna lililoachwa. Halikuachwa hata moja. Kina mama walipiga vigelegele mpaka msimamizi akaja mbio kuuliza nani anaolewa.

Na jirani, ambaye alikuwa amesalimiwa peke yake nchi nzima ikisikia, alikuwa amesimama mikono kichwani, amesahau pasi juu ya foronya. Moshi ndio uliotuambia. Msimamizi aliishika ile foronya, akatazama alama ya pasi iliyochomeka katikati, akamtazama Mama, akampa.

"Hii haifai tena kwa wageni," akasema. "Nenda nayo."

Ndiyo iliyo kwenye mto wangu sasa ninapoandika. Mama ameifua mara mbili na alama haitoki, na nimemwambia aache kuisugua.